Maji, dizeli na hewa: kompyuta huufuataje mpaka?

Meli ikijaza mafuta pale Bandari ya Mwanza Kusini, halikosi tone la dizeli la kuchuruzika kutoka kwenye mpira na kuangukia ziwani. Tone hupiga maji, huzama kidogo, huibuka, hutandaa, na punde rangi za upinde wa mvua huanza kucheza juu ya maji. Anayepita hashtuki. Lakini mpe mhandisi kazi ya kuliigiza tone hilo kwenye kompyuta, na papo hapo ana vitu vitatu visivyochanganyika: maji, dizeli na hewa, kila kimoja kikipakana na vingine viwili. Ubavu wa meli ukiingia kwenye hesabu, vinakuwa vinne.

Wengi wetu tukitazama video za uigaji wa namna hii, wimbi likivunjika au mafuta yakitapakaa, hudhani kwamba kompyuta inaujua mpaka, yaani mahali fulani kwenye kumbukumbu yake kuna mstari uliochorwa, huku maji huku hewa. Katika programu nyingi mstari huo haupo. Kilichopo ni namba, na mpaka hujengwa upya kutokana na namba hizo katika kila hatua ya hesabu, maelfu kwa maelfu ya mara. Vitu vikiwa viwili, namba zinatosha kuujenga vizuri. Vikifika vitatu, hazitoshi tena, na kilichopungua hujazwa na uamuzi wa mtu au wa kanuni aliyoiandika mtu. Uamuzi huo ndio ninaotaka tuuchimbe, kwa sababu hauonekani kwenye video.

Namba moja ndani ya seli

Programu hugawa eneo la kazi katika visanduku vidogo vinavyoitwa seli. Zamani za mwanzo lilikuwapo wazo la kuifunga gridi ya seli kwenye kitu chenyewe, ili kikienda nayo iende, na mpaka ubaki pale pale ukutani mwa seli. Kwa chuma kinachopinda kidogo wazo hilo linafanya kazi hadi leo. Kwa maji yanayopinduka halifai: baada ya wimbi moja seli zimejisokota na hesabu imekufa. Kwa hiyo kwenye vimiminika gridi huachwa imetulia, na vitu hupita ndani yake.

Kila seli hubeba namba chache: kasi, kanieneo, na ile inayotuhusu hapa, yaani sehemu ya ujazo wake iliyojaa maji. Ikiwa 1, seli imejaa maji. Ikiwa 0, haina maji. Ikiwa 0.3, asilimia 30 yake ni maji. Angalia namba hiyo inavyonyamaza: haisemi maji yamekaa upande gani wa seli.

Ukimya huo una gharama, na ni rahisi kuupima kwa kalamu. Chukua safu ya seli sita, tatu za kushoto zimejaa maji na tatu za kulia hewa: 1, 1, 1, 0, 0, 0. Kila kitu kinasukumwa kulia kwa nusu seli kila hatua, na upande wa kushoto maji yanaendelea kuingia. Programu ya kizembe itafanya hivi: kila seli impe jirani wa kulia nusu ya ilicho nacho, ipokee nusu ya alicho nacho jirani wa kushoto. Baada ya hatua ya kwanza tunapata 1, 1, 1, 0.5, 0, 0. Hadi hapo sawa kabisa. Hatua ya pili, ukweli ni kwamba seli ya nne imejaa na ya tano haijaguswa. Programu inasema 0.75 na 0.25. Hatua ya tatu, ukweli kwa seli tatu za mwisho ni 1, 0.5, 0, programu inasema 0.875, 0.5, 0.125.

Maji hayakupotea. Jumlisha namba za seli hizo tatu, utapata 1.5 kwa kweli na kwa programu. Kilichopotea ni mpaka. Seli ya nne ilitoa maji ambayo, kwa haki, yalikuwa bado upande wake wa kushoto, hayajafika mlangoni. Acha hesabu iendelee hatua mia kadhaa, na badala ya uso wa ziwa utakuwa na ukanda mpana wa kitu chenye densiti ya kilo 500 kwa mita ya ujazo, ambacho si maji wala si hewa. (Povu la mawimbi ni habari nyingine, hilo lina viputo halisi.)

Dawa ni kuilazimisha namba iseme upande. W. F. Noh na Paul Woodward wa maabara ya Livermore, Marekani, walitoa mwaka 1976 njia ya kuchora ndani ya kila seli mstari ulionyooka sambamba na kuta zake. Mwaka 1981 C. W. Hirt na B. D. Nichols walichapisha njia ya kufuatilia ujazo iliyoenea hadi ikawa na jina la kifupi linalotumika duniani kote, VOF (kwa Kiingereza, volume of fluid). Mwaka uliofuata David Youngs wa Uingereza aliuruhusu mstari uiname, na umbo hilo ndilo lililobaki kuwa msingi wa kazi nyingi za leo.

Mstari hupatikana kwa hatua mbili. Kwanza mwelekeo: tazama majirani, upande wenye namba kubwa ndiko maji yaliko, basi mstari ukabili upande wa pili. Kisha nafasi: usogeze mstari huo mbele na nyuma hadi eneo lililo nyuma yake lilingane sawasawa na namba ya seli. Nafasi inayokubali ni moja tu. Baada ya hapo, seli inapotoa kitu kwa jirani, hukatwa kipande kilicho karibu na mlango na kupimwa kwa jiometri: ndani yake maji ni kiasi gani, hewa kiasi gani. Rudi kwenye safu yetu ya seli sita. Katika hatua ya pili, nusu ya kulia ya seli ya nne ni hewa tupu, kwa hiyo kinachotoka ni hewa, kinachoingia ni maji, na seli inajaa. Inatoka 1 na 0, kama inavyotakiwa.

Kwenye pande tatu, yaani urefu, upana na kimo, mstari huwa bapa linalokata mchemraba, na mkato wake unaweza kuwa na pembe kuanzia tatu hadi sita. Kuandika hiyo jiometri bila kosa ni kazi inayozeesha watu. Na hata ikiandikwa vizuri, mistari ya seli jirani haiungani mwisho kwa mwisho. Uso wa maji unakuwa vipande vipande. Kwa wimbi kubwa hilo si tatizo. Kwa tone dogo, linaloshikwa na mvutano wa uso wake, ni tatizo kweli, maana nguvu ya mvutano hutegemea mpindo wa uso, na mpindo haukadiriki vizuri kutokana na vipande. Kila aliyewahi kuweka tone tulivu kwenye programu, bila upepo wala wimbi, amewahi kuliona likianza kuzungusha vimkondo vyake lenyewe. Vimkondo hivyo ni makosa ya mpindo tu, na havina asili yoyote nje ya kompyuta.

Njia nyingine, kwa ufupi

Si lazima kubeba ujazo. Mwaka 1965 Francis Harlow na J. Eddie Welch wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walitawanya chembe za alama zinazochukuliwa na maji. Palipo na chembe pana maji. Wengine baadaye wakazifunga alama hizo ziwe mnyororo unaokaa juu ya mpaka wenyewe, kama walivyofanya Salih Unverdi na Grétar Tryggvason mwaka 1992. Mnyororo hutoa mpaka mkali na mpindo mzuri. Matone mawili yanapokutana, lakini, lazima programu ikate minyororo na kuiunga upya, na kwenye pande tatu hilo ni balaa.

Stanley Osher na James Sethian walikuja na hila nyingine mwaka 1988. Kila mahali kwenye gridi hubeba umbali wake hadi mpaka ulio karibu, hasi ukiwa ndani ya maji, chanya ukiwa nje. Mpaka ni pale umbali unapokuwa sifuri. Matone yakiungana, namba zinaungana zenyewe, hakuna wa kukata wala kuunga. Mpindo unapatikana kwa urahisi. Ila umbali haujui chochote kuhusu kiasi: hakuna sheria ndani yake inayosema lita moja ibaki lita moja. Tone dogo hunywea hatua kwa hatua hadi likatoweka, na programu haioni kosa. Mark Sussman na Elbridge Puckett waliunganisha njia hizo mbili mwaka 2000, ujazo ulinde kiasi na umbali utoe umbo, na kwa maoni yangu kwa kazi ya mafuta na maji huko ndiko kwenye busara, ingawa unalipia gharama mara mbili.

Kitu cha tatu kikiingia

Sasa tulirudie tone la dizeli. Seli moja karibu na uso wa ziwa ina maji 0.3, dizeli 0.2 na hewa 0.5. Jumla 1. Ni nini kiko wapi?

Jibu la haraka ni kumchorea kila mmoja mstari wake peke yake. Ukifanya hivyo, mistari hailingani: sehemu fulani ya seli inadaiwa na maji na dizeli kwa pamoja, na sehemu nyingine haina mwenyewe. Kwa hiyo programu nyingi hutumia foleni. Maji kwanza: chora mstari wenye 0.3 chini yake. Kisha yahesabu maji na dizeli pamoja kama kitu kimoja, 0.5, uchore mstari wa pili. Kilicho kati ya mistari miwili ni dizeli, kilicho juu ni hewa. Hakuna kugongana, hakuna pengo.

Ila foleni hiyo niliipanga mimi. Kompyuta haikuniambia. Tuseme mtumiaji aliandika orodha ya vitu bila kufikiri, maji, hewa, dizeli. Programu itachora maji 0.3 chini, kisha maji na hewa pamoja 0.8, na dizeli itabandikwa kwenye kile kilichobaki, juu kabisa ya seli, juu ya hewa. Kinachofuata ni kibaya zaidi ya picha. Upepo ukipanda kidogo, kipande kinachokatwa karibu na mlango wa juu wa seli ni dizeli. Dizeli inarushwa kwenye seli ya juu, ambako hakuna dizeli nyingine, na huko inabaki ikielea hewani kama kitakataka. Hesabu haipigi kelele. Jumla bado ni 1 kila mahali, hakuna gramu iliyopotea, na programu inamaliza kazi bila onyo.

Kwa vitu vilivyotulia, uzito hukupa foleni bure. Dizeli ina densiti ya kilo 830 hadi 850 hivi kwa mita ya ujazo, basi itakaa kati ya maji na hewa. Hata kwa anayeyeyusha dhahabu ya Geita, mambo ni hayo hayo: dhahabu iliyoyeyuka, yenye kuzidi nyuzi 1,064 za Selsiasi, hukaa chini, boraksi (poda inayotiwa ili kukusanya uchafu) na uchafu iliyoukusanya huelea juu, juu yake hewa. Foleni haina utata, hadi ufike kwenye ukuta wa chungu, ambako seli moja ina dhahabu, boraksi, hewa na chungu chenyewe, na chungu hakiko juu wala chini ya yeyote. Kiko pembeni.

Ukingo wa tone la mafuta una shida hiyo hiyo. Hapo maji, dizeli na hewa hukutana mahali pamoja, kila kimoja kikigusa vingine viwili, na pembe za kukutania huamuliwa na mivutano mitatu: ya maji na hewa, ya dizeli na hewa, ya maji na dizeli. Foleni inajua kutoa tabaka, au mstari mmoja unaogota kwenye mwingine. Pembe tatu za kweli haizijui. Matokeo yake, tone linaloelea hutandaa haraka mno au polepole mno kutegemea foleni uliyochagua, wakati kutandaa ndilo swali lililokufanya ufungue kompyuta.

Vadim Dyadechko na Mikhail Shashkov walilishughulikia kwa kuongeza ushahidi. Mbali na ujazo, kila kitu ndani ya seli huandikiwa pia mahali kilipo kitovu chake. Sasa seli haihitaji kuuliza majirani: mstari unaochaguliwa ni ule ambao kipande kilichochorwa kitovu chake kinakaribia zaidi kitovu kilichoandikwa. Na foleni? Programu hujaribu zote na kuchukua yenye kosa dogo. Kwa vitu vitatu ni foleni 6, kwa vinne 24, kwa vitano 120, kwa kila seli yenye mchanganyiko, kila hatua. Utaona kwa nini watu bado wanapanga foleni kwa mkono.

Wanaotumia umbali wana kero yao. Kila kitu hupewa umbali wake, na baada ya muda umbali huo hugombana. Frank Losasso na wenzake walitoa mwaka 2006 suluhu fupi mno: kila mahali, chukua umbali miwili iliyo midogo kuliko yote, tafuta wastani wake, uuondoe kwa wote. Mahali ambapo maji yanasema hasi 3 na dizeli hasi 1, wote wawili wakidai ni pao, wastani ni hasi 2, na baada ya kuondoa maji yana hasi 1 na dizeli chanya 1. Ugomvi umekwisha, maji yameshinda. Palipokuwa na pengo, 2 na 4, wastani ni 3, na mwenye 2 anapewa kiwanja. Ni njia safi. Haki yake, hata hivyo, ni ya kugawana kati kwa kati, na haiulizi nani alikuwa na kosa.

Nani anabanwa?

Kujua mpaka ulipo hakumalizi kazi. Chukua mlipuko kwenye machimbo ya mawe, jambo la kawaida katika mji uliojengwa juu ya majabali kama Mwanza. Seli moja ina nusu granaiti na nusu hewa, na wimbi la mlipuko linaibana kwa asilimia 1. Programu ikigawa ubanaji sawa kwa sawa, granaiti nayo inabanwa asilimia 1, na kwa ugumu wake kanieneo inapanda maelfu ya mara kuliko ile ya hewa tunayovuta. Mwamba unaanza kulipuka kwa sababu ya hewa iliyo jirani yake. Katika uhalisia hewa ndiyo hubanwa karibu yote, na mwamba hausikii. Kwa hiyo programu huhitaji kanuni ya pili, mara nyingi ile ya kutaka vitu vyote ndani ya seli vifikie kanieneo moja, kila kimoja kikitoa ujazo kadiri ya ulaini wake. Sehemu kubwa ya historia ya fani hii ilitoka kwenye maabara za silaha, ambako chuma, baruti na hewa hukutana kwa kasi kubwa, na huko ndiko kanuni hizi zilikolazimika kuandikwa mapema.

Tone likishakuwa utando

Kuna mahali pa kuweka chini zana zote hizi. Ukubwa wa seli ni kama macho ya nyavu: mwenye nyavu za sangara asitegemee dagaa. Utando wa mafuta unaoonyesha rangi za upinde wa mvua una unene wa kati ya mikroni 0.3 na 5, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukiwa na unene wa mikroni 1, lita moja ya dizeli hufunika mita za mraba 1,000. Kwenye seli ya sentimita 1, utando huo ni namba 0.0001. Mstari wowote utakaochorwa kwa namba hiyo ni wa kubahatisha, na mistari miwili ya foleni italaliana. Ukipunguza seli hadi mikroni 1 ili uuone utando, mita moja ya ujazo itakuhitaji seli nyingi kiasi cha 1 ikifuatwa na sifuri 18.

Programu kama Basilisk, iliyoanzishwa na Stéphane Popinet, hupasua seli ziwe ndogo karibu na mpaka tu na kuziacha kubwa kwingine, na hilo linasaidia sana tone linapoanguka na kurusha matone. Kwa utando halisaidii, kwa kuwa utando wote ni mpaka. Hapo wahandisi hubadili swali: dizeli huacha kuwa kitu cha tatu chenye nyuso mbili, ikawa ramani ya unene juu ya uso wa maji, namba moja kwa kila mita ya mraba, inayosukumwa na upepo na mkondo na kupungua kwa uvukizi. Tatizo la foleni linakufa kwa sababu hakuna tena seli ya kugombania.

Kwa hesabu zinazobaki na mipaka yake, kipo kipimo kimoja nisichokubali kukiruka. Steven Zalesak alikitoa mwaka 1979: chora duara lenye mfereji uliokatwa ndani yake, lizungushe mzunguko mmoja kamili, kisha lilinganishe na lilivyokuwa. Halikutakiwa kubadilika. Kwa kawaida pembe za mfereji hurudi zimelika, na njia dhaifu huufuta mfereji wote. Kwa vitu vitatu, jaza mfereji dizeli, duara maji, nje hewa, uzungushe, kisha urudie kwa foleni nyingine na kwa seli za nusu ya upana. Kwenye pande tatu, kuipunguza seli nusu huzaa seli mara 8, na kwa kuwa hakuna kitu kinachoruhusiwa kuruka zaidi ya seli moja kwa hatua, hatua nazo zinakuwa mara 2. Kazi iliyochukua usiku mmoja inachukua siku 16 hivi kama mashine unaipata usiku tu, na ndiyo maana ripoti nyingi zina picha ya foleni moja tu.